Ndama Aliyeingia Wodini

Mnivumilie nikisema polepole. Mdomo wangu umepinda na ulimi bado ni mzito, lakini ninalotaka kuwaambia naweza kulisema.

Kabla ya kuugua nilikuwa mjane mwenye nguvu zangu. Nililima mwenyewe mahindi na maharage huko juu ya Karatu, na kukamua ng'ombe wangu kabla jua halijachomoza. Siku moja, miaka michache baada ya uhuru, nilikuwa uani napura maharage. Fimbo ikanitoka mkononi. Nikainama kuiokota, mkono haukunitii. Mguu wa kulia nao ukalegea, nikaanguka, nikajikojolea. Mwanangu Bura alikuja mbio akiniita. Nikamjibu, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa mkoromo tu.

Walinipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi hospitali. Daktari alimwambia Bura mbele yangu, kana kwamba sisikii, "Ni kiharusi. Huenda akaishi, ila mkono huo na sauti usivitegemee."

Nyumbani mke wa Bura alikuwa ananyonyesha mapacha. Alijitahidi, lakini kunigeuza peke yake hakuweza. Mgongo ukachubuka, ukawa kidonda, kidonda kikatunga usaha, na asubuhi moja akaona funza. Alikaa chini akalia. Ndipo Bura akanipeleka kwenye nyumba ya wazee wasiojiweza iliyokuwa chini ya kanisa. Alipoondoka hakugeuka nyuma. Sikumlaumu. Nilikuwa nataka kufa.

Kitanda cha pili alilala bibi wa Kimasai kutoka Kakesio, tukimwita Koko Nasieku, maana koko kwao ni bibi. Trakoma ilikuwa imempofusha, na ng'ombe wa kwao walikwisha kwa ukame. Uji aliusukuma. Wodi ilinuka mkojo na dawa ya vidonda, na wengi walioingia humo walitoka wamefunikwa shuka.

Muuguzi wetu Elizabeti aliona kwamba Fabiano, mfugaji aliyetuletea maziwa, akipita dirishani na ng'ombe wake, wazee hugeuza vichwa. Akamwomba aingize ndama. Mzee wa kanisa alikataa.

"Hapa ni kwa wagonjwa, si zizini."

"Mzee wangu, hawa wamezeekea zizini," Elizabeti akamwambia. "Kufagia nitafagia mimi."

Basi kila Jumapili baada ya ibada ndama akawa anaingia. Mara ya kwanza Koko alimpapasa masikio, mgongo, hadi mkia, akizungumza naye Kimaa, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Jike hii. Nzuri. Lete uji." Akala.

Mimi ndama alinilamba mkono uliokufa. Ulimi wake ulikwaruza, nikahisi kama sindano zinanichoma. Tangu siku hiyo Elizabeti aliuweka mkono wangu shingoni mwa ndama na kuniambia, "Mshike, Mama. Usimwachie." Taratibu vidole vikaanza kujikunja.

Halafu ukaingia ugonjwa wa miguu na midomo, mifugo ikawekwa karantini. Ndama hakuja. Kila asubuhi Koko aliuliza, "Ndama imekuja?" Elizabeti akimletea uji, aliusukuma. Asubuhi moja neno likanitoka, zito, lakini neno: "Atakuja."

Lilikuwa neno langu la kwanza tangu nianguke. Elizabeti alisimama na bakuli mkononi akaniangalia. Koko akafungua kinywa, akanywa uji.

Baada ya hapo aliniuliza mimi tu, nami nikamjibu hivyo hivyo. Mwishowe hakuuliza tena. Akageukia ukuta, akakataa hata maji, akafa kabla karantini haijaondolewa. Nilimlilia kuliko nilivyojililia.

Fabiano alipomrudisha ndama, pembe zilikuwa zimeanza kuota. Nilishika chuma cha kitanda nikasimama, nikaanguka, nikasimama tena. Bura alikuja kunichukua wakati wa mavuno. Leo natembea kwa fimbo, na mkono huu unakamua, ingawa maziwa mengine yanamwagika chini.

Namshukuru Mungu, namshukuru Elizabeti na Fabiano, na mkwe wangu aliyeniosha kidonda akilia. Ninyi mnaouguza wazazi, wageuzeni kitandani kabla ngozi haijachubuka. Mkimsikia mzee anaulizia mbuzi wake au kuku wake, msiseme amechanganyikiwa. Mleteeni, wakati bado anauliza.