Dawati Lililonimeza Darasa la Tatu

Chekeni kabisa mmalize, maana hata mbuzi wa Makanya wanajua kwamba mimi, Baba Nakijwa, mhitimu wa masomo ya jioni, nilinasa kwenye dawati la watoto mbele ya wazazi wenzangu wote.

Mwalimu alikuwa ameniambia binti yangu anaduwaa tu darasani, kwa hiyo atarudishwa darasa la pili. Iliniuma! Siku ya wazazi nikaamua nikae naye ubavuni, akiduwaa nimfinye. Wenzangu walipewa viti kule ukutani, mimi nikakataa. "Mimi ni mtu wa shule, bwana!" nikasema, nikajipenyeza kando ya binti yangu, dawati la nyuma kabisa (sisi wa jioni tulikaaga kwenye mabenchi, dawati nilikuwa sijawahi kulionja, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeshindilia makande ya kulisha kijiji).

Upepo wa Same ukawa unatwanga mabati. Mwalimu anatamka sentensi huku ameelekea ubaoni, watoto wanaandika, wangu katulia, penseli hewani. Nikaandaa vidole. Mwalimu akageuka akatamka nyingine, penseli ya Nakijwa ikakimbia kama bodaboda! Akaelekea ubaoni tena, penseli ikasimama. Nikamtazama mtoto vizuri: macho yake hayabanduki kwenye midomo ya mwalimu. Vidole vyangu vikalegea vyenyewe.

"Mwalimu! Huyu anasikiliza kwa macho!" nikapiga kelele nikiinuka, na dawati nalo likainuka nami, madaftari yakamwagika, darasa likalipuka kwa kicheko, nadhani mpaka Gonja walisikia.

"Baba Nakijwa, toka kwanza humo ndipo utufundishe!" akadakia jirani yangu Mama Eliya, anafuta machozi.

Nitoke wapi! Nikamwomba mwalimu ajaribu tu. Naye, muungwana, akafunika mdomo kwa kitabu, akaita, "Nakijwa!" Kimya. Akaita tena. Kimya, na kicheko kikafa. Akashusha kitabu. "Nakijwa!"

"Abee, mwalimu!"

Wanaume wakanibeba na dawati langu kama bwana harusi, mlango ukatukataa, wakanitua pale mbele, chini ya ubao, fundi seremala akaitwa. Nakijwa akanifuata, akaketi nafasi yake pembeni yangu. Mwalimu akarudia sentensi zote akiwatazama watoto, huku msumeno unaunguruma karibu na tumbo langu, na watoto wenzake Nakijwa wote wakawa, "Mwalimu rudia, hatusikii!" Binti yangu? Msumeno haukumhusu. Aliandika zote, hakukosa hata moja! Mama Eliya ndiye aliyeanza vigelegele.

"Darasa la pili harudi," mwalimu akasema. "Atakaa hapa hapa mbele, nami sitampa mgongo tena. Wewe mpeleke hospitali akapimwe masikio."

Nikampeleka. Sikio moja halifanyi kazi, la pili linajikongoja. Sasa yuko darasa la nne, na lile dawati lenye kovu la msumeno amehama nalo. Nimeapa: sitamfinya mtoto kabla sijakaa alipokaa yeye, na sikai tena nikiwa na makande tumboni.

Siku ya wazazi iliyofuata nilifika mlangoni tu, Nakijwa akasema mbele ya wote, "Baba, wewe simama."

Nikasimama, kifua mbele.