Mkaguzi wa chekechea na tairi la lori

Jamani, leo nimekwenda Ngara mjini kukagua chekechea, nikajikuta nakaguliwa mimi.

Watoto walikuwa wanahesabu vijiti. Mara lori likapasuka tairi barabarani.

Darasa zima likalala kifudifudi, kimya. Mimi nimesimama na fomu yangu mkononi.

Kumbe bibi anayewafundisha alilea watoto wa kijiji cha ujamaa wakati wa Vita vya Kagera. Zoezi la kulala chini bomu likilia hajaliacha mpaka leo.

"Bibi, vita si viliisha?"

"Viliisha kwa waliolala chini."

Katoto kamoja kakainua kichwa: "Bibi, mgeni amekufa ila bado amesimama."

Nikalala. Na suruali yangu nyeupe. Chekeni tu.

Fomu inauliza kuhusu usalama wa watoto. Nimejaza: mzuri sana.

Usalama wa mkaguzi haikuuliza.