Kocha Asiyetukana

Miaka ile ya themanini, tangu aingie chuo cha ukocha, kijana huyu wa mtaa wetu wa Kayole hakutembea tena bila filimbi shingoni, hata akienda kununua mkate. Akizungumza nawe alirudi kinyumenyume, maana kocha hawapi wachezaji mgongo, na mitaro ya mtaa ilishammeza si mara moja. Mikono yake mirefu haikutulia. Ilipanga watu hewani. Lakini kituko kilikuwa mdomo. Chuoni walimfundisha amsifu mchezaji kwanza, ndipo amrekebishe. Huku kwetu ukimsifu mwanamume bure, anajiuliza umekuja kuomba nini.

Siku ya mtihani, mwalimu wake alikuja uwanjani kumtazama akifundisha. Akifaulu, timu hiyo ya kiwanda aliyokuwa akiifundisha inamwajiri. Akianguka, anarudi kubeba magunia. Patrobas, mshambuliaji mwenye kifua kama kabati, akapaisha mpira ukatua juu ya mabati ya watu.

"Mguu umeuweka vizuri sana," kocha akasema kwa sauti ya padri. "Sasa inamisha kifua."

Patrobas akashika kiuno. "Kocha, unamtaka dada yangu? Nitukane nielewe!"

Timu nzima ikaangua kicheko. Kocha akamtupia mwalimu jicho, kisha akamgeukia Patrobas.

"Mguu umeuweka vizuri sana, ng'ombe wewe! Inamisha kifua!"

Patrobas akainamisha, akapiga, mpira ukapita katikati ya milingoti.

"Hilo la ng'ombe," mwalimu akauliza, ameshamshika mkono kumpongeza, "tulikufundisha darasa gani?"

"Hilo nilikuja nalo kutoka nyumbani, mwalimu."