Soksi Hazikuwa Nyeusi

Nilipasuka siku msimamizi wetu alipobadilisha kila soksi kwenye orodha yangu kuwa nyeusi. Ofisi yetu ya Nyakuron, hapa Juba, iliwatafutia Wamarekani rangi za sare za timu zao za kwanza za besiboli. Picha za zamani hazina rangi, kwa hiyo rangi nilizisoma kwenye nakala za magazeti ya enzi hizo kwenye kompyuta, mtoto mgongoni, risasi zikilia mjini.

“Mama, si picha inaonyesha nyeusi?” msimamizi aliniuliza.

“Picha ya zamani huonyesha nyekundu kama nyeusi. Gazeti linasema nyekundu! Wewe umesoma nini?”

Akacheka. “Nani atajali, na vita hivi?”

Orodha ikatumwa vilevile. Mkurugenzi alishakimbia vita, hivyo barua yake nilimwachia mlinzi wa geti: “Nalalamika rasmi. Orodha mliyotuma ni ya uongo. Tumeni yangu, ama mfute jina langu.”