Kuluthumu na Lahani ya Baba Yake

Miaka haikumjia Kuluthumu binti Muksini kwa kishindo. Ilimjia taratibu, masika baada ya kiangazi, ukungu wa asubuhi ukishuka kutoka msitu wa Ngorongoro hadi kwenye mabati ya Karatu na kuondoka kabla ya adhuhuri, vumbi jekundu likitua juu ya vitambaa vya dukani mwake, likapanguswa, likatua tena. Katika mwendo huo huo mtoto akawa mwari, mwari akawa mke, mke akawa mjane, na mjane akawa mama mtu mzima ambaye nusu ya soko humwamkia shikamoo. Huuza kanga na shuka za wafugaji. Mwanawe, Hamidi, ni dereva wa watalii. Mwenye kupita dukani kununua kitambaa hawezi kujua kwamba kwa sehemu kubwa ya umri wake mama huyu alikuwa akitafuta kitu kilichompotea.

Alikuwa akitafuta mwisho wa lahani. Baba yake, Muksini, alipanda kutoka Tanga akifuata biashara ya nguo, na pamoja na mizigo alipanda na fidla yake, kwani ujanani alikuwa mpigaji katika kikundi cha taarabu. Kauli za wanazuoni juu ya ala za muziki zinajulikana, na mahali pake si hapa. Hapa latosha kusema kwamba Muksini hakuikosa sala ya jamaa, na kwamba baada ya alasiri, baridi ya Karatu inapoanza kuingia milangoni, alikaa barazani akapiga lahani moja isiyo na maneno, aliyoitunga mwenyewe. Kuluthumu aliisikia tangu utoto. Alipokuwa mtoto bado, mama yake aliteremka Tanga kwenda kumuuguza bibi, akaugua huko huko, akafariki, akazikwa huko. Kwa hiyo katika masikio ya binti lahani ile na kutokuwapo kwa mama vilikuwa kitu kimoja.

Muksini alimfundisha binti yake fidla kama yeye alivyofundishwa, yaani kwa ukali. Alimwekea kiberiti kwapani, akamwambia ole wake kikianguka kabla ya somo kwisha. Neno lake lilikuwa moja: kaza. Kaza bega, kaza vidole, kaza kidevu. Binti alikaza kwa utiifu mpaka, katika mwaka wa kuolewa kwake, harusi ikiwa bado, kidole gumba cha kushoto kikajikunja kiganjani na kukataa kukunjuka. Hata sindano hakuweza kuishika. Muksini akaitundika fidla kwenye msumari na hakumtaka tena aipige. Hakusema kwamba amejuta, ila tangu siku ile yeye mwenyewe ndiye aliyemkatia binti yake nyama sahanini, mpaka mkono ulipopona.

Baada ya Muksini kufariki, Kuluthumu aliishusha fidla. Alikuwa amegundua, katika siku za msiba, kwamba lahani ya baba yake haikuandikwa popote wala hakuna mwingine aipigaye, na kwamba asipoipata yeye itazikwa. Akajifungia chumbani akaanza. Mwanzo aliukumbuka vizuri, na katikati pia. Lakini kila alipofika mahali fulani, pale sauti inapopanda kama mtu anayeinua shingo kutazama njia, kidole gumba kilianza kukaza, bega likapanda, na lahani ikakatika. Hakutilia shaka sababu. Aliamini mwisho umo mkononi mwake, na kwamba mkono ndio unaoukatalia. Kila alipopata faragha alirudi pale pale, na kila mara alitoka chumbani amefunga mdomo, asimweleze mtu.

Ndipo akaja Nareyu. Alikuwa binti wa Kimasai kutoka kijiji cha Endulen, mfanyakazi wa usafi katika hoteli moja ya watalii nje ya mji, mwimbaji katika kwaya ya kanisa lake. Mgeni mmoja mzee, siku ya kuondoka, alimwachia fidla. Nareyu aliingia dukani ameifunga ndani ya shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shuka za rangi mpya ziko huku, mwanangu."

"Shuka ninayo, mama. Nimekuja kwa kilichomo ndani yake."

Alipoifungua, Kuluthumu aliacha kukunja kanga. "Nani amekuambia najua hii?"

"Hamidi, dereva. Anasema mama yake alipiga zamani."

"Hamidi anasema mengi. Kesho atakuambia najua kurusha ndege za watalii."

"Hiyo alishasema," Nareyu akajibu, na mama akashindwa kujizuia kucheka.

Somo la kwanza lilikuwa fupi mno. Nareyu alishika upinde kama anayemzuia ndama asikimbie. Kuluthumu akaitazama ile ngumi, akauona mkono wake mwenyewe wa miaka iliyopita, na neno la baba yake likamfika ulimini. Hakulitamka.

"Unamkaba nani?" aliuliza.

"Naogopa utaanguka, mama."

"Ukianguka tutauokota. Weka chini. Pumua. Haya, uchukue tena, uache ulale wenyewe juu ya uzi, una uzito wake. Na meno yako yakigusana tu, weka chini."

"Meno?"

"Anayeuma meno ameshakaza mpaka unyayo."

Majuma mengi yakapita katika kuchukua na kuweka. "Mama, nitazeeka ninaweka chini," Nareyu alilalamika. "Wenzangu kwenye kwaya wananiuliza nimejifunza wimbo gani, nawaambia najua kuuweka upinde mezani."

"Waambie unauweka vizuri kuliko mtu yeyote wa Karatu."

Lakini alipoanza kutoa sauti kwenye fidla, Nareyu alikuwa na tabia moja: alivuma. Midomo imefumbwa, sauti ya chini ikitoka puani sambamba na uzi. Muksini hakuwahi kuruhusu hata kikohozi wakati wa somo, na Kuluthumu naye akamkataza. "Fidla ndiyo inayoimba. Wewe nyamaza." Nareyu akanyamaza, na papo hapo bega lake likapanda hadi sikioni, sauti ikawa kavu kama mlango usiotiwa mafuta.

"Nyumbani hatukamui kimya," akajitetea. "Ukinyamaza ng'ombe anadhani ni mgeni, anaficha maziwa. Mama yangu, Kakenya, anavuma mpaka akiwa anaota moto. Sijui kutumia mikono bila kuvuma."

Kuluthumu akafikiri. "Basi vuma. Ila mimi nisikusikie kuliko fidla."

Siku chache baadaye, duka likiwa limefungwa kwa sala ya Ijumaa, yeye mwenyewe alijaribu. Aliona haya, ingawa hapakuwa na wa kumwona. Akavuma lahani ya baba yake polepole, upinde ukifuata, na akagundua jambo ambalo hakufundishwa: mwenye kuvuma hawezi kuuma meno, na asiyeuma meno shingo yake hulegea, na shingo ikilegea bega hushuka, na kidole gumba hakina tena mahali pa kuanzia kukaza. Hakuharakisha. Kila alipojisikia anaikimbilia sauti inayofuata, aliacha, akashusha pumzi, akarudi nyuma. Aliendelea hivyo kwa muda wa msimu mzima wa mvua, na mkono, ambao kwa miaka mingi aliuona kama adui, ukaanza kuwa wake.

Hatimaye ikafika alasiri alipopita mahali pale. Sauti ikapanda, kidole kikabaki laini, bega likabaki chini. Akangoja kinachofuata. Hapakuwa na kitu. Akarudia, mkono ulikuwa huru kama maji, na hapakuwa na kitu. Hapo ndipo huzuni yake ilipozidi ya miaka yote, kwa sababu zamani alikuwa na mkono wa kuulaumu, na sasa hakuwa na wa kumlaumu ila kumbukumbu yake. Alimwona baba yake barazani wazi kabisa, kofia, mikunjo ya kanzu, hata namna alivyofumba jicho moja, akiendelea kupiga mbele ya pale; lakini ile sauti ya mbele haikumjia. Akasema moyoni kwamba amemzika mara ya pili.

Hata hivyo hakukata tamaa yote. Aliamua kumfundisha Nareyu kile kilichobaki, kwamba nusu ni bora kuliko kaburi. Na kwa kuwa chumba kilikuwa na giza na Nareyu hutaka kuona vidole vyake, somo likahamia barazani.

Barazani alikuwapo Hajira, dada mkubwa wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu mama alipoteremka Tanga na ambaye Kuluthumu humwita mama mkubwa, amekaa mkekani akichagua maharage. Nareyu alipiga lahani tangu mwanzo, akivuma, bila haraka, mpaka pale inapopanda. Akainua upinde.

Hajira hakuinua macho kwenye ungo. "Huyu Mmasai wako ameipata sawasawa. Ningekuwa nimefumba macho ningesema Muksini."

"Bado, mama mkubwa," alisema Kuluthumu. "Ameishia njiani. Mwisho umenipotea mimi."

"Mwisho upi?"

"Mwisho wa lahani ya baba."

Hajira akaacha maharage. "Mwanangu, Muksini hakuwa na mwisho. Aliianza siku mama yako alipoteremka Tanga. Alisema atakaporudi ataikuta tayari. Ikafika hapo alipofika binti huyu, ndipo zikaja habari za msiba. Hakuongeza hata sauti moja."

"Lakini namkumbuka akiendelea. Namwona."

"Alikuwa anaanza upya. Anafika hapo, anarudi mwanzo bila kusita, anafika hapo, anarudi. Wewe ulikuwa unasinzia pajani pangu, ungejua wapi? Mimi nilimtania siku moja, nikamwambia, shemeji, gari lako hili halina kituo? Akanijibu, mwenyewe hajarudi, shemeji, nimmalizie nani?"

Kuluthumu akaketi mkekani kando ya ungo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Uliniuliza? Ulijifungia chumbani na fidla kama mtu anayekula kwa kujificha. Nilidhani unatibu mkono."

Nareyu alitazama huku na huku. "Sisi kwenye kwaya tungeweka Amina hapo," alisema kwa upole. "Inakaa vizuri. Niijaribu?"

"Nyinyi mna Amina na sisi tunayo," alijibu Kuluthumu. "Lakini mzee hakuiweka. Tuache kama alivyoacha."

Akaichukua fidla mikononi mwa mwanafunzi wake. Akavuma, akapiga, mwanzo na katikati, na sauti ilipopanda kutazama njia, akauinua upinde, mkono ukiwa umelegea, akaushikilia hewani mpaka uzi ulipokoma kutetemeka. Hajira alikuwa akilia, akijipangusa kwa ncha ya kanga na kulisingizia vumbi la maharage. Kisha Kuluthumu akaanza upya.

Tangu hapo hatafuti tena. Nareyu huja siku zake za mapumziko, na akienda kwao Endulen huipiga kule pia, mbele ya mama yake Kakenya, na huinua upinde pale pale. Watu wakimwuliza kwa nini hamalizi, huwaambia ni lahani ya mtu anayengoja. Nayo shauku ya Kuluthumu haikupungua kwa kujua. Labda imeongezeka, kwa maana zamani alikuwa akiitamani sauti, na sasa anawatamani watu wawili, mmoja amelala Karatu na mwingine Tanga, na njia ndefu katikati yao. Ila kutamani huko hakumkazi tena mkono. Baada ya alasiri hukaa barazani, baridi ikiingia, akapiga mpaka pale, akashusha pumzi.

Ewe Mola Mwenye kukusanya waliotengana, mrehemu Muksini na mkewe, uwakutanishe pasipo na safari wala kungoja. Mjaalie Kuluthumu wepesi wa mkono na utulivu wa kifua katika umri uliombakizia. Mhifadhi Hamidi katika barabara za mlimani, mpe Hajira nuru ya macho na mwisho mwema, na umbariki Nareyu pamoja na mama yake na wote wa nyumba yao kule Endulen, wao na mifugo yao, wasikose mvua wala amani.