Taa za Gari ya Baba

"Hapana, msalaba wa mama hautaenda kwa buti ya basi kama gunia la viazi," nilimwambia kaka yangu. "Gari tuko nayo hapo nje. Shida ni taa peke yake, na taa ni kitu ya kutengenezwa."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, hata viatu hajavua. Alikuwa ametoroka mara moja kutoka Eastleigh, kwa duka anakouza nguo za jumla, aje tuongee mambo ya safari.

"Siz, hiyo gari ni tochi imeisha betri," alisema. "Mzee mwenyewe anasema haoni barabara. Tupande basi, tulale, tuamkie huko. Kwani mama atakasirika?"

"Mama hangekubali."

"Mama hayuko."

Alisema hivyo halafu akaangalia chini. Baba alikuwa kwa kochi na redio yake ndogo, anajifanya hasikii. Aliizima.

"Wacheni kugombana," alisema. "Taa zikitengenezwa, nitaendesha."

Nilimwangalia kaka nikaona nimeshinda. Yeye akaenda zake bila kunywa chai.

Mama alikuwa amemaliza mwaka tangu tumzike, na nyumbani, kule magharibi, watu walikuwa wanatungoja na ibada ya kumbukumbu. Kwetu mume ndiye hupeleka msalaba. Anautoa kwake, anaufikisha kaburini kwa mikono yake, haachii ndugu wala mtoto. Baba alikuwa ameambia watu wote kwa simu kwamba ataufunga juu ya gari ile ile mama alikuwa anapanda, na aingie nayo kwa boma jua likitoka. Kaka hangeachiliwa dukani mpaka Ijumaa jioni, na ibada ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwa hivyo ilikuwa lazima tusafiri usiku. Kaka hajui kuendesha. Mimi nilikuwa na leseni mpya kabisa, na nilikuwa sijawahi kuitoa nje ya Embakasi. Alikuwa amebaki baba.

Gari yetu ni kubwa, ya viti saba, ilikuja kutoka Japani ikiwa imetumika. Baba aliinunua akiwa bado anafanya kazi ya reli, na siku aliyoileta hapa mtaani Fedha mama aliizunguka mara mbili akiipigapiga kama mtu anachagua tikitimaji. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa taa. Hata majirani walio na gari ya aina hiyo wanalalamika hivyo hivyo, kwamba zilitoka kiwandani zikiwa hafifu. Ukiwasha unaona pua ya gari na hatua chache za lami, basi. Kwa miaka mingi haikutusumbua.

Haikutusumbua kwa sababu tulikuwa na mama. Kiti cha mbele kilikuwa chake, na gari ikianza kutembea na yeye anaanza.

"Bampu hiyo. Boda kushoto. Punguza, kuna mama na mtoto wanavuka. Hiyo lori haina taa, mzee, iko kando hapo, rudi ndani kidogo. Ng'ombe. Ng'ombe mwingine."

Hivyo hivyo mpaka nyumbani, na sisi nyuma tunacheka. Kaka alikuwa anashika chupa ya maji kama maikrofoni: "Hamjambo wasikilizaji, hii ni Redio Mama, tunawaletea ng'ombe moja kwa moja kutoka barabarani." Mama anageuka anatuambia, "Chekeni tu. Mkiwa na zenu mtaziendesha kimya kimya tuone." Tulidhani ni uoga. Kitu tulikuwa tunashangaa ni baba. Huyu ni mtu hataki kuambiwa hata kama chumvi imezidi kwa mboga, na kwa gari aliambiwa barabara yote na hakuwahi kumwambia mama anyamaze.

Baada ya mazishi ndipo taa zikaanza kuwa shida. Kwanza baba aliparuza mlango wa kushoto kwa nguzo ya geti, ikiwa saa moja jioni. Akasema, "Taa." Halafu akagonga mkokoteni wa nyanya karibu na soko Kariobangi, nyanya zikaenda kila mahali, na mwenyewe akamuuliza, "Mzee, mimi na huu mkokoteni wote hukutuona?" Baba akalipa, akarudi kwa gari, akaniambia, "Hizi taa zitaniua." Nilimwamini. Ningekosaje kumwamini, na mimi mwenyewe nilikuwa naziona jinsi zilivyo?

Kwa hivyo nilishika hiyo kazi mimi. Mimi siwezi kungoja kitu. Nikiona kimeharibika nataka kitengenezwe leo. Kwanza nilisugua vioo vya taa na dawa ya meno na fulana kuukuu, vile watu husema mtandaoni. Vilibaki njano vile vile, isipokuwa sasa gari ilikuwa inanuka mdomo wa mtu ametoka kupiga mswaki.

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, nilimwambia baba twende Kariobangi kwa fundi wa umeme wa gari. Tulienda mchana, polepole. Fundi aliwasha taa, akaweka mkono mbele yake, akacheka.

"Madam, hizi zinaona aibu? Mbona zimejificha?"

"Weka zile balbu nyeupe za LED," nilimwambia. "Zile kali."

"Zii, hapana. Hizi taa hazikuundiwa hizo. Mwanga utaenda kwa miti na kwa macho ya watu, barabara ibaki giza. Wewe unataka kuona ama unataka kuonekana?"

Baba alicheka. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka.

Fundi alipiga vioo msasa na maji, akabadilisha msasa mpaka ule laini kabisa, halafu akavipaka dawa vikawa kama glasi. Akanionyesha waya za kiwandani, nyembamba kama za earphone, akasema moto wa umeme unatoka kwa betri ukiwa mwingi na unafika kwa balbu ukiwa umechoka. Akavuta waya nene, akaweka rilei, kile kidude cheusi cha kuwezesha balbu kuchukua moto wao straight kutoka kwa betri. Akaweka balbu mpya. Mwisho akasukuma gari mpaka mbele ya ukuta wa kibanda chake, akafunga pazia la turubai, akazungusha skrubu mpaka taa zote mbili zikakaa sawa, haziangalii juu wala chini.

Kibanda cha pili ni cha kuchomelea vyuma, na huko ndiko msalaba ulitengenezewa. Niliuchukua rangi nyeupe ikiwa imeshakauka. Fundi aliona nimeukumbatia.

"Ni wa nani?"

"Wa mama."

Alienda akazima muziki wake, na hakuuwasha tena mpaka tukaondoka.

Tulirudi Fedha kukiwa bado na mwanga. Nilimwambia baba tungoje giza liingie tuzijaribu, ndiyo kesho jioni iwe ni kufunga mizigo na kutoka. Saa moja ilipofika tulishuka kwa parking. Taa ya estate ya upande huo imekufa siku nyingi, na ukuta ni wa mawe, kijivu. Nilibeba msalaba nikauegemeza kwa nguzo ya geti, upande wa kushoto, ili baadaye tuupime kwa keria, juu ya gari. Baba akaingia kwa gari. Mimi nikasimama kando ya mlango wake.

"Washa," nikasema.

Aliwasha. Sikujua ukuta wetu una mawe ya rangi tofauti. Niliona kila jiwe, niliona simiti kati yake, niliona mjusi amekimbia. Mwanga ulijaa kutoka pembe hii mpaka ile, na msalaba pale kwa nguzo uling'aa mpaka jina la mama ningeweza kulisoma nikiwa pale nilipo. Nilipiga makofi. Kweli nilipiga makofi kama mtoto. Nilikuwa tayari namtafuta kaka kwa simu nimtumie picha.

"Si mbaya," baba alisema. "Lakini bado, bado. Huyu fundi angeongeza kidogo." Alikuwa ameinama kwa usukani, shingo mbele. "Haya, lete msalaba sasa tupime. Ama umeuacha kwa nyumba?"

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilingoja acheke.

"Baba, uko hapo."

"Hapo wapi?"

"Kwa nguzo."

Hakugeuza macho tu vile mtu hufanya. Aligeuza kichwa chote, polepole, kutoka ukutani kuja kushoto, kidogo kidogo, kama mtu anatafuta steshoni kwa redio. Akafika kwa nguzo akasimama.

"Aa," akasema. "Kumbe uko hapo."

Alizima taa. Tulikaa hivyo gizani, yeye ndani, mimi nje, mkono wangu kwa dirisha.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Zamani kidogo."

"Mama alijua?"

"Si ndiye alikuwa ananiambia njia."

Ng'ombe. Ng'ombe mwingine. Na sisi tumeshika chupa ya maji.

Alinieleza mwenyewe, akiongea na usukani. Katikati anaona, kando hakuna kitu, na giza likiingia hata ile ya katikati inapungua. Walienda na mama kwa daktari wa macho, wakaambiwa ni presha ya macho, kwamba kilichoenda hakirudi lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Akapewa dawa ya matone ya kila jioni. Nilikumbuka mama akimwambia alale chali kwa kochi, na sisi tukiuliza ni nini anasema ni vumbi la mji.

"Na sasa? Bado unaweka?"

"Ilikuwa mama yako anaweka. Mimi nikijaribu inaishia kwa shavu." Akapangusa usukani kwa kiganja. "Nikaacha."

Mwaka mzima. Mwaka mzima nimekuwa hapo kwa nyumba moja na yeye.

"Baba, sasa hii safari..."

"Hii nitaendesha," alisema haraka. "Taa umetengeneza vizuri, nimeona. Wewe utakaa mbele. Utaniambia, vile mama yako alikuwa anafanya. Una macho mazuri. Tukifika, nikishaweka msalaba wake, nitaacha gari huko huko kwa boma na sitaigusa tena. Lakini usiambie kaka yako. Acha nimfikishe mama yako mwenyewe. Hiyo tu."

Baba hajawahi kuniomba kitu. Huwa anaagiza, ama ananyamaza mpaka mtu afanye. Usiku huo alikuwa ananiomba na sikuweza kuuona uso wake. Na niseme ukweli, nilijiona kabisa kwa kile kiti. Nilijisikia nikisema bampu, boda, punguza. Ningeweza. Ningejifunza hapo hapo barabarani. Halafu nikaona lori limeegeshwa bila taa, nami nimechelewa kulitaja, au nimesema kulia badala ya kushoto, na kaka nyuma amelala. Mama alikuwa amezoea macho ya baba yakipungua yeye akiwa kando yake, mwaka kwa mwaka. Mimi nilikuwa nimeyajua kwa muda wa kuzima taa.

"Twende ndani, baba," nikasema. "Chakula kitapoa."

Alitoka kwa gari akashika bega langu, si kwa mapenzi, ni kwa sababu ya ngazi. Nilibeba msalaba kwa mkono ule mwingine. Kwa ngazi nikasikia mdomo wangu unasema, "Kuna mtungi wa maji hapo kushoto," na baba akaukwepa bila kuuliza, kama mtu amezoea.

Alikula kidogo akaenda kulala. Ufunguo wa gari aliutundika kwa msumari wake kando ya kalenda. Nilikaa na msalaba sebuleni nikalia bila sauti. Nililia kwa sababu taa zilikuwa zimetoka vizuri sana, hazijawahi kuwa nzuri hivyo, na hakuna mtu angeziendesha. Na kwa sababu kaka alikuwa amesema ukweli bila kujua, kwamba mzee haoni barabara, na kesho ningelazimika kumwambia hivyo, na atanicheka, halafu nikimweleza hatacheka.

Kabla sijalala niliamua. Asubuhi, baba hajaamka, nitatoa ufunguo kwa msumari niuweke kwa mfuko wangu. Nitampikia chai, nimwambie mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa mbele yake katikati pale anaponiona, kwamba hataendesha, na kwamba Jumatatu tukirudi tunaenda kwa daktari na matone nitaweka mimi. Akinikasirikia, akasirike. Halafu nitaenda kukata tiketi za basi la jioni, ya baba, ya kaka na yangu, na moja zaidi. Kondakta akiniuliza huyo wa nne ni nani, nitamwonyesha msalaba. Huo msalaba utapanda na sisi, ukae kwa kiti karibu na baba, aushike njia yote mpaka aushushe mwenyewe. Mimi nitakaa nyuma yake tu, na kukianza kupambazuka nitamwambia kila kitu tunachopita.