Mapezi Meusi, Mapezi ya Kijani

Muuzaji aliyaning'iniza juu kabisa, mahali mkono wa mtu haufiki, kati ya koti la mvua na mkoba wa shule. Hapo ni soko la mitumba la Kitale. Kila pezi, la kuvaa miguuni majini, lilikuwa refu kama mguu wangu kutoka nyonga hadi kisigino, na bapa lake jeusi lilikuwa na vijimraba vidogo kama mkeka uliosukwa kwa uzi mwembamba. Watu walipita chini yake bila kuinua macho. Mimi nilisimama, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu muuzaji aliniona nimesimama.

"Hiyo ni kaboni, bro."

"Nani amekuambia ni kaboni?"

"Si imeandikwa."

Haikuwa imeandikwa popote. Niliyageuza mara tatu alipoyashusha, nikaangalia hadi ndani ya kile kiatu cha mpira ambamo mguu huingia. Muuzaji naye alikuwa akiniangalia mikono, kana kwamba ningeweza kuficha kitu chenye urefu huo kwenye mfuko wa suruali.

Nilikuwa nimerudi bara miezi minne, nikikaa kwa dada yangu, mtaa wa Matisi. Kabla ya hapo nilikuwa Pwani, nikizama kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa, kupiga samaki kwa bunduki ya mshale. Niliacha shule darasa la saba na tangu hapo nimepakia miwa, nimechoma matofali, nimelinda duka la mtu aliyekuwa akiniibia mshahara. Hakuna kazi iliyonishika zaidi ya mwaka ila hii ya majini. Ukiwa chini, miguu ndiyo kila kitu. Mapezi marefu yakikufaa, unapiga polepole nayo yanakusukuma. Yakiwa magumu kuliko mapaja yako, misuli inakula ile hewa uliyoibana kifuani, na hewa hiyo huna nyingine.

Mwaka jana nilinunua magumu kwa sababu yalipendeza. Siku moja nikipanda kutoka chini mapaja yaliwaka moto, kisha sikumbuki. Rafiki yangu niliyekuwa nikifanya naye kazi alinidaka karibu na juu. Nilipozinduka alikuwa akinipuliza usoni na kuniita jina. Hakunigombeza. Tulipofika ufukweni alichukua msumeno akayakata mapezi yale vipande vinne, akaniambia nirudi bara nipumzike. Nafasi yangu kwenye boti angeiweka, lakini kwa masharti mawili: nirudi na mapezi yanayofaa miguu yangu, na nikome kuzama bila mtu wa kuniangalia.

La pili alilisema kwa sababu ananijua. Mtu akiniangalia kwa muda, mimi huona ananipeleleza.

Muuzaji alikubali niyachukue siku mbili niyajaribu, mradi nimwachie kitambulisho. Alikisoma mbele na nyuma. Kisha akatoa simu akanipiga picha nikiwa nimeyashika mapezi, kama mshukiwa.

Niliyapeleka moja kwa moja kwa fundi wa redio pale Matisi. Kaboni ya kweli, ile ya nyuzi nyepesi za bei ghali, hupitisha umeme. Hilo nilikuwa nimeliokota Pwani kwa kuwauliza watu maswali mpaka wakanichoka. Plastiki iliyobandikwa karatasi ya vijimraba haipitishi kitu. Fundi alikwangua ukingo wa bapa kwa wembe, pale ambapo hapangeonekana, akagusisha nyaya mbili za mita yake. Mita ikalia.

"Inaimba," alisema.

"Jaribu hilo lingine."

Nalo likaimba. Nikalichukua nikiwa nimekunja uso.

"Wewe mtu wa ajabu," fundi akasema. "Umekasirika kwa sababu hujadanganywa?"

Alikuwa amenishika pabaya. Nilikuwa nimejiandaa kwa udanganyifu, na sasa nilikuwa na kitu cha kweli mkononi bila kujua nikifanyie nini. Nikaanza kutafuta upya. Kwa nini mtu atupe kaboni nzima? Niliyainua kwenye mwanga wa mlango nikitafuta ufa. Niligongagonga bapa kwa sarafu, kutoka mguuni hadi nchani, nikisikiliza kama sauti itafifia mahali. Haikufifia. Nilipoliegemeza chini na kulikandamiza kwa uzito wangu, lilipinda kidogo tu, kwa kinyongo, likarudi kwa kishindo.

"Kuna jamaa Bungoma ako na kama hizo," fundi akaniambia akifunga redio ya mtu. "Za kijani. Anatengeneza baiskeli huko karibu na reli. Anataka kuzikata zikuwe madigadi ya kuzuia tope."

Sikumwamini, lakini asubuhi nilikuwa Bungoma.

Yalikuwepo. Yalikuwa yamelala juu ya rundo la tairi, na fundi wa baiskeli alikuwa ameshachora mstari wa chaki pale atakapopitisha msumeno. Nilimuuliza aliyatoa wapi. Akasema aliachiwa na mzungu aliyehama. Nikamuuliza mzungu gani. Akasema, aa, ni shemeji yake alikuja nayo kutoka Mombasa. Nikamuuliza shemeji anafanya kazi gani Mombasa.

"Wewe ni polisi?"

"Hapana."

"Basi unataka viatu ya chura ama unataka shemeji?"

Bapa lilikuwa la kijani kilichopauka, na ukiliinua juani mwanga ulipenya, kama yale mabati ya faiba ambayo watu huweka jikoni kupata mwanga. Nilijua ni faiba. Yeye alisema ni plastiki. Sikumsahihisha, na mpaka leo sijui kama alikuwa hajui au alitaka kuona kama mimi najua. Nililipinda kwa mkono mmoja. Likaja bila ubishi, likarudi bila haraka. Kiatu chake kilinipwaya kidogo, jambo ambalo soksi nene ingeliponya.

"Niache niyajaribu kwenye maji," nilimwambia. "Kesho nitakurudishia jibu."

"Acha simu."

"Simu nitapimia muda."

"Acha viatu basi."

Nikamwangalia kama anatania. Hakuwa anatania.

"Si umebeba zingine," alisema, akinyoosha kidole kwenye mapezi meusi niliyokuwa nimeyafunga kwa kamba mgongoni. "Na hizi zangu. Mtu mmoja na jozi tatu ya viatu, hata mbunge hana."

Waliokuwa wakingoja pancha zao walicheka. Nikavua, nikapanda pikipiki kuelekea Kabuchai pekupeku, na mapezi manne mgongoni.

Shangazi yangu anakaa Kabuchai, na chini ya shamba lake la miwa kuna bwawa la zamani. Sikupita kwake. Ningepita, angenipa mtu wa kunisindikiza, na huyo mtu angeuliza, na angesimulia. Najua nilivyoahidi Pwani. Nilijiambia kwamba bwawa si bahari.

Nilikunja nguo juu ya nyasi, nikaweka simu juu yake ikihesabu. Mpango ulikuwa rahisi: kuzama kwenye kisiki cha mkaratusi, kwenda chini kwa chini hadi jiwe jeupe ng'ambo, nikihesabu mateke, kisha nione nimebakiwa na pumzi kiasi gani. Nilikuwa ndani ya maji ya ukingoni nikivaa yale meusi niliposikia sauti nyuma yangu.

"Unatafuta nini huko ndani?"

Alikuwa mama wa makamo, panga mkononi, akikata nyasi za nepia za kulisha ng'ombe wake kwenye ukingo.

"Nafanya zoezi, mama."

"Zoezi ya nini?"

"Ya kupumua."

Alifikiria hilo. "Mtu anaacha hewa yote hii, anaingia kwa maji kufanya zoezi ya kupumua." Kisha akasema, akiwa ameshageukia nyasi zake, "Mpira ya pampu ya maji ya hapa iliibwa. Mwenyewe bado anatafuta mwizi."

Mimi nami nilikuwa nikiangalia panga lake, kikapu chake na umbali uliokuwa kati yake na mapezi ya kijani. Nilitoka majini nikaenda kuyafunika kwa mabua. Aliona ninavyoyafunika. Hapo kila mmoja wetu akawa na hakika kuhusu mwenzake.

Nikazama na yale meusi. Yalikuwa na nguvu, siwezi kuyasingizia. Teke moja, na bwawa lote lilionekana kurudi nyuma. Mateke manane nikawa kwenye jiwe. Lakini lile la tano lilianza kuuma juu ya magoti, na la nane lilinikumbusha siku ile. Nilipotoka kichwa kilikuwa kikipiga kama ngoma, na maji nyuma yangu yalikuwa mekundu kwa tope. Hata hivyo moyo wangu uliyataka. Nilijiambia kwamba miguu itazoea, kwamba tatizo ni miezi minne ya kukaa bure. Nilikuwa nimeshaanza kujiuzia mwenyewe, bila muuzaji.

Nilirudi upande wa kisiki, nikapumzika muda mrefu. Kisha nikavaa ya kijani.

Mateke kumi na mawili hadi kwenye jiwe. Nilihesabu nikitarajia kuchoka, na uchovu haukuja. Bapa lilikuwa likimalizia lenyewe kile ambacho mguu umeanza. Nilipogusa jiwe niliona bado nina hewa, nikageuka. Nikarudi polepole hadi kwenye kisiki, nikashika mzizi wake, nikabaki pale chini kwenye mwanga wa rangi ya chai, nikisikiliza mapigo ya moyo wangu yakienda taratibu. Nikiwa pale nikasikia sauti nyembamba, kama chuma kinasuguliwa mbali. Nikadhani ni pikipiki.

Niliinuka nyuma ya matete. Haikuwa pikipiki. Yule mama alikuwa ukingoni, mikono kichwani, analia ile sauti ambayo kwetu hailiwi kwa jambo jingine ila kifo. Wanaume wawili walikuwa wakishuka mbio kutoka kwenye miwa, na wa tatu alikuwa ameshainama juu ya nguo zangu.

"Hana viatu," alisema huyo. "Mtu wa kurudi nyumbani huja bila viatu?" Akaokota simu yangu. "Ona. Hata saa amejiwekea."

Nikakohoa. Wote wakageuka. Mmoja alirudi nyuma hatua mbili.

Yule mama hakufurahi. Alishusha mikono taratibu, akaniangalia mpaka alipohakikisha ninapumua, kisha akakasirika.

"Ya kwanza niliona maji inachemka, nikajua uko," alisema. "Hii ya pili maji ilinyamaza. Nikasema wacha ningoje. Nikakata nyasi, nikajaza kikapu, nikafunga na kamba, maji bado imenyamaza. Sasa wewe ungefanya nini?"

Nilitoka majini nikajifunga shati. Lakini hata pale, nikiwa nadondoka maji mbele ya watu walionidhania maiti, nilikuwa nikiyarudia maneno yake kichwani. Muuzaji wa Kitale alikuwa na lake. Fundi wa baiskeli alikuwa na lake. Mimi nilikuwa na langu, na ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Huyu mama hakuwa na pezi la kuniuzia. Hakujua hata kwamba nilikuwa nimebadilisha mapezi, na bado aliona tofauti.

Kilio kilikuwa kimefika kwa shangazi kabla yangu. Alisimama langoni, fimbo akiishika kwa upana kuziba njia.

"Simama hapo hapo."

"Shangazi, niko mzima."

"Umeliliwa. Hauingii hapa mpaka kuku ichinjwe."

Niliyajua hayo tangu utotoni. Mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii boma hivi hivi, asije akaingia na msiba ambao watu wameshaulilia. Nikakaa chini barabarani na mapezi yangu. Shangazi naye hakuondoka. Alinitazama miguu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie:

"Viatu uliacha wapi?"

"Kwa fundi wa baiskeli."

"Niambie ukweli, mtoto wa ndugu yangu. Ulienda kwa maji kufanya nini?"

Nikaona alichokuwa akikiogopa. Sikuwahi kushukiwa jambo zito kama hilo, wala kwa upole kama huo. Nilimweleza yote: siku niliyozimika, msumeno, masharti mawili, mita ya fundi wa redio. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo rafiki yako alisema usiende peke yako."

"Ndio."

"Na ukaenda peke yako."

"Ndio."

"Sasa hiyo viatu ya chura itakusaidia na nini?"

Kuku aliletwa na yule mama mwenyewe. Kilio kilikuwa chake, alisema, na kuku ni wake. Kuku akachinjwa langoni, nikapita juu ya damu, nikapewa chai.

Asubuhi, kabla sijaenda Bungoma kukomboa viatu vyangu na Kitale kurudisha mapezi meusi, nilimfuata yule mama kwenye nepia. Alinyoosha mgongo aliponiona na yale ya kijani begani.

"Tena?"

"Mara moja tu. Lakini leo nataka uniangalie."

"Nikuangalie nikufanyie nini? Mimi sijui kuogelea."

"Unihesabie. Ukifika mia na hamsini sijatoka, ita watu."

Alinipima kwa macho, kama anatafuta ujanja uko wapi. Kisha akaweka kikapu chini.

"Ukitoka, inua mkono," alisema. "Nione ni wewe."

Nilienda hadi kwenye jiwe na kurudi. Sikubaki kwenye kisiki. Mapaja yalikuwa yamepoa, kifua kimetulia, na nilipotokeza juu niliinua mkono kabla hata ya kuvuta pumzi. Nilimtafuta pale ukingoni nilipomwacha, na hakuwepo. Alikuwa ameingia majini hadi magotini, leso imelowa, panga bado mkononi, na midomo yake ilikuwa bado inahesabu.